Keshi na Floti: Kibanda cha Kikundi Kisikauke Siku ya Soko

Barua tunazopokea siku hizi kutoka kwa vikundi vya kujisaidia haziulizi sana habari za mizinga ya nyuki wala kuku wa mayai. Zinauliza habari za kibanda cha pesa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, na tangu Benki Kuu iruhusu mabenki kufanya kazi kupitia maajenti mwaka 2010, kazi ya kuweka na kutoa pesa imetoka mjini ikafika kando ya kinu cha kusaga unga. Vikundi vingi vya akina mama na vijana vimeomba laini, vikachanga mtaji, vikafungua.

Na karibu vyote vina kilio kimoja. Mzee ametumiwa pesa na mtoto wake aliye Nairobi, amejikokota kilomita tatu na fimbo yake, anafika kibandani anaambiwa, "Pole mzee, keshi imeisha, jaribu kesho." Kikundi kina mtaji wa laki moja na nusu, hakuna aliyeiba, lakini pesa ya kumpa mzee elfu mbili haipo. Imekwenda wapi? Katika toleo hili tumeona tueleze jambo hilo, kwa maana kikundi kisipolielewa kitakosana na mweka hazina wake bure.

MASHINE YA MJINI NAYO HUKAUKA

Tuanzie mjini. Wengi wetu tumewahi kupanga foleni mbele ya mashine ya benki, tena tarehe 30, tukafika mbele na kuambiwa kwa maandishi kwamba haiwezi kutoa pesa. Mtu hunung'unika eti benki imefilisika. Haijafilisika. Ile mashine si bomba lililounganishwa na tangi. Ni sefu, na ndani yake mna visanduku, mara nyingi vinne, kila kimoja na noti za aina moja. Kisanduku huchukua noti kama elfu mbili hivi, au zaidi. Kikijazwa noti 2,000 za shilingi elfu moja, hizo ni milioni mbili. Kikijazwa noti 2,000 za mia mbili, ni laki nne tu. Ndiyo sababu unaweza kuomba 700 ukakataliwa, ukaomba 1,000 ukapewa. Noti ndogo zimeisha, kubwa zingalipo.

Noti hizo lazima mtu azipeleke. Hata mashine ya kwanza kabisa, ile Barclays waliyoiweka Enfield, London, mwezi wa Juni 1967, ilikuwa na mtu nyuma yake wa kuijaza. Mashine iliyo ukutani mwa benki hujazwa na wafanyakazi wa benki. Iliyo peke yake kwenye kituo cha petroli hujazwa na gari la walinzi, na mara nyingi hufunguliwa na watu wawili, mmoja akiwa na ufunguo na mwingine namba za siri, ili asiwepo mtu wa kuifungua akiwa peke yake.

Sasa benki ijaze kiasi gani? Hapo ndipo penye kazi. Ikijaza kidogo, mashine inakauka Jumamosi jioni na wateja wanatukana hadi Jumatatu. Ikijaza nyingi, mamilioni yanalala ndani ya chuma. Pesa iliyolala kwenye mashine haikopeshwi mtu, hailipi riba, na bado inahitaji bima na mlinzi. Kwa hiyo kuna watu mabenkini ambao kazi yao ni kutazama siku. Mashine hii ilitoa ngapi mwisho wa mwezi uliopita? Pasaka inakuja, benki itafungwa kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, itahitajika ngapi kwa siku nne hizo? Mashine yenyewe hutuma habari ya noti zilizobaki. Zikifika alama fulani, gari linaagizwa. Alama hiyo haiwi sufuri. Ni kiasi cha pesa ambacho watu watatoa wakati gari bado liko njiani.

Mkilishika jambo hilo la alama, mmeshika nusu ya somo. Tofauti ni kwamba benki ina kompyuta na gari la chuma, na ninyi mna daftari na boda boda.

PESA NI ILE ILE, IMEBADILI NGUO

Kibanda kina vyungu viwili. Kimoja ni keshi, zile noti na sarafu za droo. Cha pili ni floti, yaani pesa iliyo ndani ya laini ya kikundi. Mteja akija kuweka pesa, anakupa noti nawe unamtumia kwenye simu yake: keshi inapanda, floti inashuka. Akija kutoa, yeye anatuma kwenye laini nawe unampa noti: floti inapanda, keshi inashuka. Jumla haibadiliki.

Tuchukue mfano. Kikundi kinafungua asubuhi na keshi 60,000 na floti 90,000, jumla 150,000. Mchana kutwa watu wanatoa 41,000 na wengine wanaweka 16,000. Jioni keshi ni 60,000, toa 41,000, ongeza 16,000, yaani 35,000. Floti ni 90,000, ongeza 41,000, toa 16,000, yaani 115,000. Jumlisha: 150,000. Hakuna shilingi iliyopotea, ila kesho kibanda kitaanza na keshi inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya leo.

Hivi ndivyo ilivyo vijijini. Watoto wako mjini wanatuma, wazazi wako nyumbani wanatoa. Pesa ya kijijini hukimbilia ndani ya laini na droo inabaki tupu. Kwenye soko kubwa la mjini mambo huwa kinyume, kwa sababu wafanyabiashara wanaweka kutwa, na ajenti wa huko hukaukiwa na floti huku akiwa amekalia mabunda ya noti. Kwa hiyo msimlaumu mweka hazina kabla ya kujumlisha vyungu vyote viwili. Mkishajumlisha na jumla ikapungua, hapo sasa muulizeni.

KIKUNDI KILICHOKOSEA MARA MBILI

Kuna kikundi cha akina mama ishirini na wanne katika milima ya majani chai ambacho tumetembea nacho kwa muda mrefu. Jina lake tunaliacha kwa heshima. Wenyewe wamekubali habari zao zisimuliwe ili wengine wajifunze.

Mwezi wa Oktoba 2022 bonasi ya majani chai ilipotoka, kibanda chao kilikuwa na keshi ya siku ya kawaida. Saa nne asubuhi droo ilikuwa tupu na floti imejaa pomoni. Mweka hazina akakimbia mjini kutafuta noti, akakuta foleni ya benki imefika barabarani, maana bonasi ilikuwa ya wilaya nzima na si ya kijiji chake. Alirudi saa kumi na moja jioni. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye nyasi tangu asubuhi walikuwa wameondoka. Juma lililofuata wengi wao walipanda matatu wakaenda kutolea pesa mjini, na wakishafika mjini wananunua sukari huko huko. Mwenye duka jirani naye akakilaumu kikundi.

Mwaka uliofuata akina mama walisema hawataaibika tena. Wakakopa kwenye chama cha akiba na mikopo, wakaweka noti ndani ya kibanda mapema, majuma matatu kabla. Waliogopa kuchelewa. Mweka hazina alituambia, "Nilikuwa nikisikia paka akipita juu ya mabati, naamka." Lakini wezi hawakuja usiku. Walikuja Jumapili, watu wote wakiwa Misa, wakang'oa ubao wa nyuma na kuondoka na shilingi 118,000.

Wanachama waliamua kulipa wenyewe, kila mmoja shilingi 200 kwa mwezi juu ya mchango wake wa kawaida. Piga hesabu: watu 24 mara 200 ni 4,800 kwa mwezi. Ni zaidi ya miaka miwili ya kulipa pesa ambayo haikununua hata kikombe kimoja. Wawili kati yao wana watoto shule ya upili. Tunayataja haya kwa sababu kuna wanaodhani kosa la keshi ni kosa dogo la kuomba radhi kwa wateja.

Lile kosa la kwanza lilikuwa pesa kidogo siku kubwa. La pili lilikuwa pesa nyingi siku ndogo. Ukitazama, ni kosa moja: hawakuwa wameandika siku zao.

DAFTARI LA MAJUMA SITA

Tunashauri kila kikundi kiandike kwa majuma sita kabla ya kuamua lolote. Kila jioni andikeni waliotoa jumla ngapi, walioweka jumla ngapi, na tofauti ya hizo mbili. Hiyo tofauti ndiyo keshi iliyotoka kabisa. Andikeni pia ni siku gani, ya soko au ya kawaida, na kama kulikuwa na jambo: mazishi, shule kufunguliwa, pesa za wazee kutoka serikalini, malipo ya chai au maziwa. Siku ambayo keshi iliisha kabla ya kufunga, iwekeni alama nyekundu na mwandike wangapi walirudishwa na walitaka kiasi gani. Wengi husahau hili la mwisho. Usipowaandika waliorudi mikono mitupu, daftari litakuonyesha kwamba siku ile watu walitoa kidogo, kumbe ni wewe uliyewanyima.

Tuseme daftari limeonyesha hivi: siku ya kawaida keshi inayotoka ni 9,000, siku ya soko, yaani Jumatano, ni 22,000, na Jumatano mbaya kuliko zote sita ilikuwa 31,000. Mweka hazina anakwenda benki Jumanne alasiri na Ijumaa alasiri. Akirudi Jumanne, anahitaji ya Jumatano 22,000, ya Alhamisi 9,000 na ya Ijumaa 9,000, jumla 40,000. Aongeze 9,000 ya tahadhari, ambayo ni tofauti kati ya Jumatano mbaya na Jumatano ya kawaida. Inakuwa 49,000, basi tuseme 50,000. Akirudi Ijumaa, anahitaji ya Jumamosi, Jumatatu na Jumanne, yaani 27,000, na tahadhari kidogo juu yake, kama 35,000. Ndiyo hivyo tu. Ile laki na nusu haina haja ya kuwa noti zote.

Je, si afadhali kwenda mara moja tu kwa juma na kuokoa nauli? Tuwe wakweli, hesabu hii ina pande mbili. Kwa juma zima kibanda kitahitaji 22,000 na siku tano za 9,000, jumla 67,000, pamoja na tahadhari 76,000. Hiyo ni 26,000 zaidi ya ile 50,000. Kama mtaji mmeukopa kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, 26,000 hizo zinawagharimu shilingi 260 kwa mwezi. Safari moja ya boda boda na nusu siku ya kazi tuseme ni 400, na mmeokoa safari nne, yaani 1,600. Kwa riba peke yake, kwenda mara moja ni nafuu sana. Benki nayo hupiga hesabu hiyo hiyo, gharama ya gari la walinzi upande huu na pesa inayolala upande ule. Lakini benki ina sefu, ninyi mna ubao. Sisi tunasema kama kibanda ni cha mbao, nendeni mara mbili na mlipe hizo 1,600 kama bima. Kama mna chumba cha mawe chenye sefu iliyojengewa sakafuni, mara moja inatosha.

Halafu wekeni ile alama. Kama kutoka kupiga simu hadi keshi kufika ni nusu siku, na nusu siku kubwa watu hutoa kama 15,000, basi keshi ikifika 15,000 mtu anaondoka. Asingoje droo iwe tupu. Iandikeni namba hiyo kwenye kadi na kuibandika ndani ya kibanda, ili hata kijana anayeshika zamu asiwe na la kuuliza.

Msisahau noti ndogo. Mama anayetoa 350 hataki kuambiwa achukue 300. Kibanda chenye 50,000 ya noti za elfu elfu ni sawa na ile mashine iliyokataa kutoa 700. Mkiwa benki ombeni mia na hamsini, na sarafu pia, hata kama karani atakunja uso.

KESHI IPO KIJIJINI

Kabla ya kupanda boda boda, tazameni jirani. Ajabu ni kwamba siku ambayo kibanda kimekauka, mita hamsini kutoka hapo mwenye duka ana noti kwenye kopo na anawaza jinsi ya kumlipa muuza jumla wa mjini. Mwombeni aweke pesa yake kwenu kila jioni. Yeye anapata pesa ya kutuma kwa simu bila kusafiri na noti mfukoni, ninyi mnapata keshi ya kesho asubuhi. Mwenye kinu naye ana sarafu nyingi. Vijana wa boda boda wana mapato ya kila siku, na wengine wanaweka akiba. Hata mwenye kilabu, ingawa hatumsifu, kila asubuhi ana noti.

Na kuna Kanisa. Sadaka ya Jumapili huhesabiwa, ikafungwa mfukoni, na Jumatatu mtu wa parokia anasafiri nayo mjini, huku ajenti wa kijiji hicho hicho akisafiri kwenda kuleta noti. Wawili hao hupishana njiani! Kama kibanda chenu pia ni cha ajenti wa benki, sadaka inaweza kuwekwa hapo moja kwa moja kwenye akaunti ya parokia. Tahadhari: iwe kwa idhini ya halmashauri ya parokia, ihesabiwe na watu wawili, risiti ibaki, na kamwe isipitie kwenye simu ya mtu binafsi. Parokia isiyopenda mpango huo isisukumwe.

Kwa siku kubwa, kama bonasi au Krismasi, ongeeni mapema na ajenti wenzenu na pia na benki. Keshi ya ziada iletwe siku moja kabla, si majuma matatu. Kama tarehe haijulikani kwa hakika, ni heri kukodi gari asubuhi ya siku yenyewe kuliko kulala na noti. Saa na siku za safari zibadilike, waende wawili, na habari zisitangazwe kwenye mkutano wa kikundi wala baada ya Misa. Noti zilizofichwa nyumbani zina hatari nyingine pia. Mwaka 2019 noti za zamani za elfu moja zilipoteza thamani baada ya tarehe 30 Septemba, na wapo waliobaki na makaratasi kwenye kopo.

JUMLA YA JIONI

Kila jioni hesabuni vyungu viwili mbele ya watu wawili: keshi na floti, jumla lazima iwe mtaji. Kamisheni, ambayo huja mwisho wa mwezi, iandikwe kando isichanganywe. Jumla ikipungua hata kwa shilingi mia tano, itafutwe usiku ule ule. Mara nyingi utakuta ni "floti ya mkopo", mtu alitumiwa pesa akaahidi kuleta noti jioni. Kibanda hakikopeshi. Hata mwenyekiti. Hata baba paroko. Anayetaka mkopo aombe kwa kikundi siku ya mkutano, na uandikwe kama mikopo mingine.

Kikundi kile cha milimani sasa kina daftari. Mwezi wa Oktoba uliofuata bonasi ilipotoka walikuwa na ajenti wawili wa jirani waliokubali kubadilishana nao, na gari la kukodi saa kumi na mbili asubuhi. Keshi iliwaishia saa nane mchana, si saa nne. Walirudishwa watu kumi na mmoja, na majina yao yameandikwa kwa wino mwekundu.

Kikundi kinachotaka kusaidiwa hesabu hii kilete daftari lake la majuma sita katika ofisi ya maendeleo ya parokia. Waje watu wawili, mweka hazina na mwanachama mmoja asiye kiongozi. Wasije na pesa.